Mstari wa Moyo: Wanaume Wazima na Karatasi Zao (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza jinsi umeme wa moyo unavyochorwa karatasini. Leo tuje kwenye jambo linalowatia watu hofu, Pemba na kwengineko. Mchumaji karafuu, mtu mzima wa afya, anayekwea mikarafuu tangu alfajiri, anapimwa ECG, yaani mchoro huo wa umeme wa moyo, na karatasi inatoka na mstari usiofanana na wa kitabuni.

Mtazame amelala kitandani, kifua wazi, vibandiko sita vimepangwa kuelekea ubavu wa kushoto, vinne vyengine mikononi na miguuni. Karatasi inapita milimita 25 kwa sekunde. Kila pigo lina kilima kidogo, kisha mwiba mrefu, kisha kilima kipana kiitwacho wimbi T. Baada ya mwiba, mstari hutarajiwa kushuka ukalala. Kwa huyu haushuki wote. Unabaki juu milimita moja au mbili, umebonyea kama tumbo la jahazi, ndipo unapanda wimbi T. Asiyeizoea sura hiyo hudhani mshipa wa moyo umeziba.

Lakini kitabu hicho tunacholinganishia kiliandikwa kutokana na miili ya nani? Willem Einthoven alitangaza mashine yake Uholanzi mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa miongo mingi kilichoitwa kawaida kilikuwa kawaida ya Wazungu. Mwaka 1954 H. Grusin aliandika juu ya upekee wa ECG za Waafrika. Mwaka 1962 K. Somers na A. M. Rankin wakachapisha katika British Heart Journal uchunguzi wa wanaume wazima wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo naithamini sana, kwa kuwa huwezi kumwita mtu mgonjwa kabla hujawahesabu wazima wa kwao.

Hesabu zilizofuata ni kubwa. Mwaka 2011 watafiti walichapisha matokeo ya wanamichezo wanaume 904 wenye asili ya Afrika na Karibiani. Upekee mwengine, wimbi T lililopinduka, yaani bonde mahali pa kilima, ulionekana kwa asilimia 22.8 yao, na kwa asilimia 3.7 tu ya wanamichezo Wazungu. Hata kwa wenye asili hiyo wasio wanamichezo ilikuwa asilimia 10.1: karibu mmoja katika kila kumi.

Lakini si kila bonde ni salama. Likikaa kwenye vibandiko vinne vya mwanzo vya kifuani, V1 hadi V4, likitanguliwa na mstari ulioinuka, kwa kijana asiye na dalili mara nyingi ni umbile lake. Likitokea ubavuni, V5 na V6, huyo apimwe moyo kwa ultrasaundi, kwani huko ndiko unenepaji wa maradhi wa misuli ya moyo hupenda kujionyesha. Na mwenye maumivu ya kifua, au aliyezimia akifanya kazi, au aliyefiwa na ndugu kijana ghafla, asitulizwe na makala hii. Aende hospitali leo.

Umbile, ingawa huweza kubadilika kidogo, mara nyingi hufanana mwaka hadi mwaka, hali maradhi mapya huweza kubadilisha mstari kwa saa au siku. Karatasi ya zamani humsaidia sana daktari kuyatofautisha. Basi, ndugu msomaji, ukipimwa omba nakala, iweke mahali pakavu, na ukipelekwa Mkoani, Wete au Dar es Salaam, nenda nayo.