KUCHORA MITI KWA CHAKI ZA RANGI: FUNZO KUTOKA NENGO

Mwambie mtoto achore mti, naye atachora kijiti cha rangi ya udongo kilichobeba duara la kijani. Mwambie baba yake, na aghalabu atachora vivyo hivyo, ingawa amepumzika chini ya miti tangu utoto wake. Tatizo si uhaba wa kipaji. Mkono huchora kile ambacho akili inadhani inakijua, kabla jicho halijapewa nafasi ya kutazama.

Miongoni mwa mahali panapofaa sana kulifundisha jicho ni Nengo, kando ya Ziwa Kivu katika mji wa Gisenyi, wilaya ya Rubavu, nchini Rwanda. Hapo mtu yuko kiasi cha meta 1,460 juu ya usawa wa bahari. Mbele yake pana maji, nyuma yake pana vilima, na upande wa kaskazini, ng'ambo ya mpaka wa Kongo, unasimama mlima wa moto wa Nyiragongo wenye urefu wa meta 3,470. Miti ya jamii ya mitende imepangwa kando ya barabara ya ufukweni, na mikaratusi imepanda vilimani. Kilomita chache kutoka hapo, huko Nyundo, ndiko ilikoanzishwa shule ya sanaa katika miaka ya 1950 chini ya Mbelgiji Marc Wallenda. Wachongaji na wachoraji wengi wa Rwanda walipata elimu yao huko.

Chaki ya aina gani?

Chaki inayozungumzwa hapa siyo ile ya ubaoni. Ni chaki laini ambayo wachoraji huiita pasteli. Hutengenezwa kwa unga wa rangi uliochanganywa na gundi kidogo sana, ili ushikamane tu. Kwa kuwa gundi ni kidogo, rangi hubaki na nguvu yake yote. Haihitaji maji, mafuta wala brashi, na haingojewi ikauke. Mfaransa Jean-François Millet, aliyefariki mwaka 1875, aliitumia kuchora wakulima na mashamba yao.

Karatasi nyororo haifai, kwa sababu unga hauna pa kushika. Inatakiwa karatasi yenye mikwaruzo. Asiyeipata anaweza kutumia msasa laini wa seremala, au akajizoeza kwanza kwenye karatasi ya kaki ya kufungia vifurushi. Rangi ya kaki ina faida nyingine pia: ni ya wastani, si nyeupe wala si nyeusi, kwa hiyo mwanga na kivuli huonekana juu yake tangu mstari wa kwanza.

Anza na kivuli

Anayeanza hukimbilia majani, akayachora moja moja mpaka akachoka. Hilo ni kosa. Mti hutazamwa kwanza kama umbo moja kubwa. Mchoraji hana budi kufumba macho nusu, hata majani yapotee na libaki pande la giza na pande la mwanga. Pande la giza ndilo huwekwa kwanza, kwa ubavu wa chaki na si kwa ncha, na kwa mkono mwepesi. Giza hilo lisiwe jeusi tupu: zambarau, buluu nzito au rangi ya damu ya mzee iliyochanganywa na kijani hutoa kivuli chenye uhai. Kijani cha mwanga hufuata juu yake, na rangi iliyo nyeupe zaidi huwekwa mwisho kabisa, kwa kiasi kidogo.

Halafu yako matundu ya anga. Hakuna mti uliofungwa kama mto wa usufi. Kati ya matawi huonekana vipande vya mbingu, na ndege hupita humo. Vipande hivyo huchorwa mwishoni kwa rangi ya anga iliyofifishwa kidogo, kwa sababu mwanga unaopenya katika tundu dogo huonekana hafifu kuliko mwanga wa mbingu wazi.

Kuhusu miti ya mbali, askari ana ujuzi ambao raia wengi hawana. Katika mafunzo ya kukadiria umbali, huelezwa kwamba kitu kilicho katika ukungu huonekana kuwa mbali kuliko kilivyo. Mchoraji hutumia kanuni hiyohiyo. Mkaratusi ulio karibu una kijani chenye joto na kivuli kizito. Mikaratusi ya kilima cha pili huwa ya kijivu, na ile ya kilima cha tatu huwa buluu kama moshi wa jikoni. Picha ikiwa na kijani kimoja kutoka mbele hadi nyuma, vilima vyote hubandikana kama ukuta.

Kila mti na tabia yake

Mkaratusi, ulioletwa Rwanda na wamisionari mnamo mwaka 1900, asili yake ni Australia. Ni mrefu, majani yake huning'inia, na anga hupenya kwa urahisi. Umuvumu, wa jamii ya mkuyu, una kichwa kizito na kivuli kizito. Zamani Wanyarwanda waliutumia kwa nguo za magome, na miti hiyo mikongwe ilikuwa alama ya mahali palipokuwa makao ya wafalme. Umuko huchanua maua mekundu kama makaa. Anayeichora yote kwa umbo moja ni sawa na anayechora watu wote kwa sura moja.

Mguu wa mti

Lakini sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni pale mti unapoingia ardhini. Wengi huuchomeka mti juu ya mlima kama pini juu ya kitambaa. Mti wa kweli hupanuka chini, mizizi yake huinua udongo, na kivuli chake huufunga na nyasi zilizouzunguka. Mguu wa mti ukichorwa vibaya, mti wote huelea.

Katika nchi ya Rubavu, kosa hilo si la karatasini peke yake. Ukitoka Nengo kwenda Nyundo unakutana na mto Sebeya, na wakati wa mvua maji yake huwa na rangi ya udongo. Udongo huo umetoka vilimani. Msitu wa Gishwati, ulioko upande wa chanzo cha mto huo, ulikuwa na takriban hekta 28,000 katika miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilibaki kiasi cha hekta 600 tu. Malisho, mashamba na makazi ya watu waliorudi baada ya mwaka 1994 viliumaliza. Tangu mwaka 2015 mabaki yake yamekuwa sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na miti inapandwa upya.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa ilinyesha magharibi na kaskazini mwa Rwanda. Sebeya ilifurika, ikabomoa nyumba, na katika mikoa hiyo watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Hakuna mti uwezao kuizuia mvua. Hata hivyo, mlima uliovuliwa miti huachia udongo wake upesi, na anayeishi bondeni ndiye hulipa.

Mtu aliyeketi saa mbili akichora mguu wa mti mmoja huyajua hayo bila kuhubiriwa. Ameona jinsi mzizi unavyoshika.

Nyumbani

Kazi hii inafaa kwa familia katika kambi na nyumba za polisi, kwa kuwa haihitaji chumba maalumu. Baba akiwa likizo, mama na watoto wachague mti mmoja uliopo karibu, wauchore asubuhi na jioni, kisha walinganishe vivuli. Vumbi la chaki lisipulizwe kwa mdomo: karatasi ikung'utwe nje, na mikono inawiwe kabla ya kula. Picha iliyokamilika ifunikwe kwa karatasi laini. Ikiwekwa kwenye fremu, kioo kisiiguse, la sivyo unga wote utahamia kwenye kioo.

Marehemu Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame aliyekuwa balozi wa Tanganyika mjini London tangu mwaka 1961, hakuacha kuchora wanakijiji na migomba yao kwa sababu ya uzito wa kazi za serikali. Naye mtumishi mwingine asione haya kushika chaki. Akimaliza mti wake wa kwanza, na ashike jembe apande wa pili.