Taa za Ajabu Angani

Karagwe ni nchi ya vilima. Mtu asimamaye Chonyonyo usiku wa kiangazi, majani yanapochomwa, huweza kuuona moto wa kilima cha mbali kama taa iliyotundikwa mbinguni, kwa maana kilima chenyewe kimemezwa na giza. Ikiwa aliye juu ya nchi hudanganyika hivyo, je, yeye arukaye katika eropleni, asiyeiona ardhi chini yake?

Mwezi wa Novemba 1944, katika Vita Kuu ya Pili, kikosi cha 415 cha Marekani kilikuwa kikiruka usiku kutoka Dijon, nchi ya Ufaransa, kuwinda ndege za adui. Usiku mmoja, karibu na mto Rhine, rubani Edward Schlueter na wenziwe wawili waliona taa nane au kumi za rangi ya moto, zimejipanga safu moja. Wakauliza kwa simu ya upepo; watu wa rada walio chini wakajibu kwamba hakuna kitu kingine angani. Schlueter akaigeuza eropleni azikabili, zikatoweka. Kisha zikaonekana tena, mbali zaidi.

Walipotua hawakusema neno. Waliogopa kuchekwa, au kudhaniwa wamechoka akili kwa vita. Lakini wenzao nao wakaziona, nyingine zikiiandama eropleni bila kuidhuru, ndipo habari zikasemwa wazi. Wakaziita "foo fighters", jina la mzaha lililotoka katika katuni ya gazeti.

Wengi walidhani ni silaha mpya ya Wajerumani. Vita ilipokwisha mwaka 1945, silaha ya namna hiyo haikupatikana. Mwaka 1953 wataalamu waliokusanywa na serikali ya Marekani walisema yamkini ni umeme, kama ule moto uwakao katika ncha za milingoti ya merikebu wakati wa tufani, ama nuru iliyorudishwa na chembe za barafu zilizo hewani. Neno lile la kwanza ni gumu kulikubali, maana moto wa mlingoti hushikamana na mlingoti, wala haukimbii mbele yake.

Tena jicho lenyewe lina hila zake. Usiku usio na mwezi, mahali pasipo mwanga wowote, weka kaa moja la moto katika kigae, ukae mbali, ulikazie macho. Baada ya kitambo utaliona linatembea, nalo halikuondoka mahali pake.