Hamira Kwanza, Kiwanda Baadaye

Delta ya Tana haijawahi kukosa miradi. TARDA, mamlaka ya maendeleo ya mito Tana na Athi, ilianzisha shamba la mpunga karibu na Garsen kwa mkopo wa Japani. Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yakabomoa kingo. Mwaka 2008 TARDA na kampuni ya Mumias Sugar walipata kibali cha NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, cha kupanda miwa kwenye hekta zipatazo 20,000, kwa ajili ya sukari na ethanoli. Wakazi na watetezi wa mazingira wakakimbilia Mahakama Kuu ya Malindi. Kiwanda hakikujengwa, na Mumias yenyewe ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019.

Mipango hiyo ilianza na ardhi. Kumbe ethanoli hutengenezwa na hamira, na hamira haina habari na hekta.

Malighafi nyingine iko tele barabarani, hata miiba yake hutoboa tairi: mti wa mathenge. Uliletwa Bura, juu zaidi kwenye Mto Tana, miaka ya 1980 ili wakulima wa mradi wa umwagiliaji wapate kuni. Kuni zilipatikana, kisha mti ukavamia malisho.

Kuugeuza mathenge kuwa ethanoli si kazi nyepesi. Sehemu ya sukari iliyomo kwenye ubao ni zailosi, ambayo hamira ya kawaida haiwezi kuichachua. Tena ubao ukipikwa ili sukari itoke, hutoka pamoja na asidi ya siki, nayo huidhoofisha hamira. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kobe, Japani, walichapisha kazi kuhusu tatizo hilo hilo. Hamira yao ilikuwa imepandikizwa jeni za kuchachua zailosi, lakini ikitiwa siki ilizorota. Hawakubahatisha jeni ya kubadilisha. Walitumia metabolomiki, yaani kupima kwa pamoja molekuli ndogo nyingi zilizomo ndani ya seli ikiwa kazini, wakaona zipi zinarundikana, kama magari kwenye kivuko chenye pantoni moja. Wakaongeza kimeng'enya cha hatua iliyokwama, transaldolesi, na uchachuaji ukaimarika hata siki ikiwepo.

Kwenye karatasi inapendeza. Ila sampuli ya namna hiyo haingoji mtu. Baadhi ya molekuli hubadilika ndani ya sekunde, kwa hiyo seli husimamishwa papo hapo, mara nyingi kwa methanoli yenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Umeme ukipotea na barafu ikayeyuka njiani kuelekea maabara, mashine itapima maiti ya hamira, si kazi yake. Halafu kuna joto. Hamira nyingi za viwandani hupenda nyuzi 30 na kitu. Kiangazi cha Garsen hupita 35, na uchachuaji nao huongeza joto lake. Kupoza matangi ni pesa.

Kwa maoni yangu, vipimo na vifanyike Nairobi au Mombasa, penye mashine, lakini hamira ichaguliwe kwa majimaji ya mathenge wa Bura na kwa joto la Garsen. Kukata mathenge hakuhitaji kumhamisha mkazi wa delta, awe Mpokomo au Mworma, na hilo pekee linaupa mpango huu heshima ambayo miwa haikuwa nayo. Wachoma makaa, hata hivyo, tayari wanaishi kwa mti huo. Mwenye mradi aanze kwa kuwauliza gunia wanauza bei gani.