Undugu wa mkonge haupimwi kwa sura ya ua

MWALIMU mmoja wa shule ya upili huko Nyansiongo, Kaunti ya Nyamira, ameniuliza: mkonge ni wa jamii gani? Kitabu chake cha zamani kinasema ni wa jamii ya amarili, maua yanayofanana na yungiyungi. Kipya kinasema jamii ya asparaga. Je, wanafunzi waandike lipi?

Hebu tuanze na maneno. Mkonge (ngeli ya U-I) ni mmea. Katani ni nyuzi zake. Asili yake ni Meksiko. Ulifika Tanganyika mwaka 1893, Mjerumani Richard Hindorf alipouagiza kutoka Florida, Marekani.

Zamani wataalamu walitazama ua. Ovari, yaani sehemu inayogeuka kuwa tunda, ikikaa juu ya petali, mmea ulitiwa katika jamii ya yungiyungi. Ikikaa chini, jamii ya amarili. Basi yuka, mmea mwingine wa Amerika, ukaenda kwa yungiyungi, na mkonge kwa amarili. Lakini mwaka 1933 ilibainishwa kuwa yuka na jamaa za mkonge zina mpangilio uleule wa kromosomu: jozi 5 kubwa na 25 ndogo. Ulinganifu adimu hivyo ni vigumu kuuita sadfa. Baadaye uchunguzi wa DNA ukathibitisha undugu huo, na tangu 2009 uainishaji unaofuatwa na wengi huiweka mimea hiyo pamoja katika jamii ya asparaga.

Wanaisimu nao wamepitia hayo. Malcolm Guthrie aliiweka Ekegusii katika kanda E pamoja na Gikuyu na Kikamba, huku Kinyarwanda kikiwa kanda D. Wanaisimu wa Tervuren, Ubelgiji, wakaunda kanda J, na humo Ekegusii na Kinyarwanda zikakutana. Gikuyu na Kikamba zikabaki E.

Kwa hivyo, mwalimu, jibu la leo ni asparaga. Ila tuwe macho na lugha yetu. Yungiyungi la majini na lile la bustanini yana jina moja, lakini kinasaba yako mbalimbali kabisa. Kamusi ikiandika "jamii ya", msomaji ataelewa nasaba. Kama kinachokusudiwa ni sura tu, iandikwe "unaofanana na". Tofauti hiyo ndogo itamwokoa mwanafunzi asipoteze alama kwa kosa la kitabu.