Gurudumu la mkia

Gurudumu la mkia ni gurudumu dogo linalofungwa chini ya mkia wa eropleni ambayo magurudumu yake makuu mawili yako mbele ya kitovu cha uzito. Kazi yake ni kuubeba mkia ndege ikiwa ardhini na kumsaidia rubani kuiongoza. Katika ndege zinazoundwa nyumbani na watu binafsi, mwundaji mwenyewe hulichagua na kulifunga.

Historia

Ndege nyingi za zamani hazikuwa na gurudumu hilo bali kiguu cha mbao au chuma kilichoburuta ardhini na kupunguza mwendo. Mojawapo ni Pietenpol Air Camper, iliyobuniwa na Bernard Pietenpol huko Minnesota, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1920. Hadi leo watu huiunda majumbani kwa kufuata michoro yake. Viwanja vya lami na breki vilipoenea, gurudumu lilichukua nafasi ya kiguu.

Umuhimu

Kwa kuwa kitovu cha uzito kiko nyuma ya magurudumu makuu, ndege ikipinda kidogo inapokimbia ardhini, mkia huelekea kuendelea kwenda pembeni na kuzidisha kona. Rubani asipowahi kuirekebisha, ndege huzunguka ghafla. Bawa linaweza kugonga ardhi na mguu wa gurudumu kuvunjika.

Kuchagua

Kuna aina tatu za kawaida:
- linalozunguka huru: ni jepesi, lakini rubani hutegemea usukani wa mkia na breki;
- linaloongozwa: huunganishwa na usukani kwa minyororo na springi;
- linaloongozwa na kujiachia: hufuata usukani hadi pembe fulani, kisha huzunguka huru ili ndege igeuke mahali pembamba.

Tairi dogo la mpira mtupu hufaa lami. Tairi kubwa la kujazwa upepo hufaa zaidi majani na mchanga, ila ni zito. Uzito wa mkiani una athari kubwa: katika ndege ya kilo 500, kuongeza kilo 1 mita 4 nyuma ya kitovu cha uzito hukisogeza kitovu hicho nyuma kwa milimita 8 hivi. Kwa hiyo hesabu ya uzito hufanywa upya kila gurudumu linapobadilishwa.

Kufunga

Jambo kuu ni mhimili ambao gurudumu huzungukia. Ndege ikiwa imebeba mzigo wake, mhimili unatakiwa kusimama wima au ncha yake ya juu ilale nyuma kidogo. Ukilala mbele, gurudumu huweza kutikisika kwa kasi kushoto na kulia, kama gurudumu bovu la toroli. Pembe hiyo hubadilika springi bapa inayobeba mkia inapochoka na kunyooka. Ndiyo sababu kuipima ndege tupu pekee hakutoshi.

Minyororo haifai kulegea sana, kwa maana gurudumu litachelewa kuitikia, wala kukazwa mno hata ikavuta usukani. Bolti zinazoshika springi hukaguliwa mara kwa mara, kwani hupokea kishindo cha kila kutua.

Gurudumu likianza kutikisika, kukaza nati pekee huficha kasoro tu. Kwanza hupimwa pembe ya mhimili, kisha hukaguliwa springi na uchakavu wa bushi.