Somo la Kapela: Kutafuta Nafasi Tupu kwa Sauti Ndogo ya Simu



Masomo yetu hayafiki mahali pote. Kuna vijiji nyuma ya milima ambako radio haisikiki, na huko katekista huyapokea masomo katika simu yake, apate kuwasikilizisha watu siku ya Dominika. Lakini sauti ya simu ni ndogo, na watu arobaini katika kapela hawawezi kuisikia. Basi, simu kadha wa kadha zina chombo cha kupeleka sauti kwa mawimbi ya FM, hata radio iliyo karibu iipokee na kuitoa kwa nguvu. Ndivyo zilivyo Nokia N78 ya mwaka 2008, N900 ya mwaka 2009 na N8 ya mwaka 2010. Simu nyingi za leo, hata zikipokea radio, haziwezi kupeleka. Kwa hiyo mwenye simu ya namna hiyo aitunze vema.

Siku moja tulikuwa katika kapela, somo la Kitubio likiendelea. Ghafula ikaingia sauti ya mtu anayetangaza mpira, na maneno ya somo yakapotea kabisa. Bibi mmoja mzee, aliyeanza safari alfajiri, alirudi kwake bila kufundishwa namna ya kuungama. Simu haikuharibika, wala radio. Kosa lilikuwa moja tu: nafasi iliyochaguliwa haikuwa tupu.

Tufahamu kwanza sababu yake. Mawimbi ya FM katika nchi zetu hukaa kati ya 87.5 na 108 megahezi, na kila kituo kina namba yake, kama vile kila nyumba ina mlango wake. Sauti mbili zikiingia kwa mlango mmoja, radio ya FM haizichanganyi kama watu wanaosema pamoja. Huishika ile yenye nguvu na kuiacha iliyo dhaifu. Na chombo cha simu ni dhaifu sana. Sheria za Ulaya huruhusu nguvu isiyozidi nanowati 50. Kituo kidogo chenye wati 100 kinaishinda mara milioni elfu mbili. Simu haina silaha nyingine ila ujirani: yenyewe iko karibu na radio, na kituo kiko mbali.

Sasa, namna ya kutafuta.

Kwanza, weka radio mahali pake katika kapela, vuta antena yake yote, na simu isipeleke kitu bado. Anza kwenye 88, uende polepole mpaka 108. Usitafute nafasi hiyo nyumbani kwako, kwa maana iliyo tupu nyumbani yaweza kuwa na watu kilimani. Wakaaji wa kando ya ziwa Kivu wanajua jambo hilo: vituo vya Rwanda huvuka maji na kusikika upande wa Kongo.

Pili, sikiliza mvumo. Nafasi tupu huvuma sawasawa, kama mvua juu ya mabati. Wengine wakikuta kimya hufurahi, wakidhani wamepata. Wasidanganyike. Kimya katikati ya mvumo mara nyingi ni kituo kinachotoa mawimbi bila neno. Mtangazaji wake akifungua kinywa, somo lako limekwisha. Lakini ziko radio za namba zinazonyamaza zenyewe pasipo na kituo. Mwenye radio kama hiyo akae kitambo kila mahali kabla ya kuamini.

Tatu, tazama majirani. Kituo kikiwa kwenye 98.0, hata 97.9 na 98.1 huchafuka. Jitenge nacho kwa 0.4 au zaidi, pande zote mbili.

Nne, andika nafasi tatu au nne katika karatasi, uzijaribu tena saa ile ile ya somo. Vituo vingi vya vijijini hulala mchana na kuamka jioni, kwa kukosa umeme. Nafasi ya saa nne asubuhi yaweza kuwa na mwenyewe saa kumi na mbili jioni.

Tano, andika namba moja katika simu na katika radio, uweke simu karibu na antena. Mvumo ukikatika na somo likasikika safi, umepata.

Ikiwa kituo cha mbali kingali kinaingia, fupisha antena ya radio. Jambo hilo huwashangaza wengi, lakini sababu yake ni wazi: kituo cha mbali huhitaji antena ndefu, na simu iliyo kando haiihitaji.

Tunawaonya pia: msimpe fundi simu ili aiongezee nguvu. Mawimbi hugawanywa na serikali, na juu ya 108 huanza mawimbi yanayoongoza ndege. Kufunika sauti ya mwenye haki ni kuchukua kisicho chako, nayo Amri ya Saba yatukataza.

Wapenzi, nabii Eliya pale Horebu hakumkuta Mungu katika upepo mkali, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali baada yake, katika sauti ndogo. Nasi tukiingia katika kapela na kelele za ugomvi na za biashara moyoni, radio safi itatufaa nini? Katekista atafute nafasi tupu kwa sauti ya simu. Kila mmoja wetu aitafute kwa sauti ya Mungu.

MAULIZO

Ulizo: Kwa nini sauti ya simu hupotea mbele ya kituo?
Jibu: Kwa sababu radio ya FM hushika sauti yenye nguvu, na simu ni dhaifu.

Ulizo: Je, kimya ni alama ya nafasi tupu?
Jibu: Sivyo. Alama yake ni mvumo ulio sawasawa.

Ulizo: Tujaribu nafasi wapi na lini?
Jibu: Katika kapela yenyewe, na saa ile ile ya somo.

Mtakatifu Gabrieli Malaika Mkuu, uliyewekwa na Papa Pio XII mwaka 1951 kuwa msimamizi wa kazi za kupeleka habari, utuombee.