Sufuria Isiyo na Mafuta

Mtu akisikia kwamba katika nyumba fulani chakula hupikwa bila nyama wala tone la mafuta, mara husema: "Maskini wale!" Mama wa nyumba naye, mgeni akibisha hodi, huona haya kufunua sufuria yake. Basi leo twataka kusema habari za sufuria hiyo. Ina heshima yake na ina ufundi wake. Tena ina hatari yake moja, ambayo kila mzazi yampasa kuijua.

Tutazame nchi ya Kirolirwe. Kijiji hiki kiko Masisi, kando ya njia itokayo Sake kwenda Kitshanga, katika milima ya Kivu ya Kaskazini. Ni nchi ya baridi na ya mvua. Maharagwe hustawi huko, na mahindi, na viazi vya ulaya, na makabichi, na karoti, na vitunguu. Lakini mchikichi haupendi baridi. Mawese hutoka nchi za chini zenye joto, kama zile za Walikale, nayo hubebwa kwa njia ndefu na mbaya. Kwa hiyo katika jiko la Masisi mafuta ni kitu cha kununua, wala si kitu cha kuvuna. Njia ikifungwa, au fedha ikikosekana, chupa hubaki tupu.

Zamani upungufu huo haukuonekana sana, kwa kuwa Masisi ilikuwa nchi ya ng'ombe, na nyumba nyingi zilipata maziwa. Lakini tangu mapigano ya mwaka 1993 na vita vilivyofuata, makundi mengi ya ng'ombe yalinyang'anywa na kuchinjwa. Tena mwezi wa Januari 2023 waasi wa M23 waliuteka mji wa Kitshanga, na maelfu ya watu wa upande huo wakayakimbia makao yao. Mtu akimbiaye hachukui ng'ombe wala pipa la mawese. Akijaliwa, huchukua sufuria moja na mfuko wa maharagwe. Ndiyo maana kujua kupika vema bila mafuta si jambo dogo kwa jamaa za huko.

MAHARAGWE NA MAHINDI

Tusiwadharau wazee waliochemsha maharagwe pamoja na mahindi. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu mna gramu 20 hivi za protini, yaani kile kijenzi cha mwili ambacho watu hukitafuta katika nyama. Mafuta ni gramu 1 au 2 tu. Mahindi peke yake yamepungukiwa na sehemu moja ya protini iitwayo lisini, na maharagwe yanayo tele. Maharagwe nayo yana upungufu wake, nao hujazwa na mahindi. Basi viwili hivi vikikutana tumboni, kimoja humsaidia mwenzake.

Maharagwe yana pia madini ya chuma, yafaayo kuongeza damu. Lakini chuma hicho hakiingii mwilini kwa urahisi. Nyanya, au maji ya limau yaliyokamuliwa juu ya sahani, hukisaidia kuingia. Chai hukizuia. Kwa hiyo yafaa chai inywewe saa moja au zaidi baada ya kula, wala si pamoja na chakula, hasa kwa mama mja mzito.

KWA NINI MAHARAGWE HUKAWIA KUIVA

Aliyehamia Masisi kutoka pwani au bondeni hushangaa: maharagwe yale yale, moto ule ule, lakini hayaivi. Sababu ni mlima. Mahali palipo sawa na bahari maji huchemka yafikapo digrii 100. Kadiri tupandavyo, maji huchemka kabla ya kupata moto huo wote. Kila mita 300 hupunguza digrii 1 hivi. Penye kimo cha mita 2,000 maji huchemka kwenye digrii 93 tu. Tukiongeza kuni, maji hukauka upesi zaidi, lakini hayapati moto kupita hapo. Sufuria ya mvuke, ile ifungwayo kabisa kwa mfuniko wenye kizibo chake, huushinda mlima. Lakini si kila mtu awezaye kuinunua.

Asiye nayo afanye hivi. Achague maharagwe ya mwaka huu, maana yaliyokaa sana ghalani huwa magumu. Ayaloweke usiku kucha katika maji mengi. Asubuhi amwage maji yale, ayaoshe, na kuweka maji mapya. Sufuria ifunikwe, na juu ya mfuniko liwekwe jiwe. Aliyeloweka na kufunika huokoa kuni nyingi.

KIKAPU CHENYE KUTUNZA MOTO

Kuna tena chombo ambacho kila mtu aweza kukitengeneza kwa mikono yake. Twaa kikapu kikubwa au sanduku la mbao. Jaza ndani majani makavu ya mgomba au nyasi kavu, uzishindilie vizuri, ukiacha katikati shimo la kutosha sufuria. Shona mto wa nguo kuukuu uliojazwa nyasi hizo hizo, uwe wa kufunikia. Sufuria ikiisha kuchemka sana, iondoe motoni pamoja na mfuniko wake, iweke upesi katika shimo, na kuizika kwa mto. Moto uliomo hautoki upesi, na chakula huendelea kuiva pasipo kuni. Siku za vita kuu ya pili ya dunia akina mama wa Uingereza walitumia masanduku ya namna hiyo, kwa sababu makaa yalikuwa haba.

Lakini sikilizeni onyo hili. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu iletayo matapiko na kuhara. Moto wa kuchemka huiua. Moto wa vuguvugu hauiui. Kwa hiyo usiyaweke kamwe katika kikapu kabla hayajachemka kwa nguvu muda wa nusu saa. Baada ya hapo yaache katika kikapu saa tatu au nne, kisha uyarudishe motoni yachemke tena mpaka yalainike kabisa.

Faida ya kikapu si ya nyumba moja tu. Katika tanuru la udongo, kilo moja ya makala hula kilo 5 hadi 10 za kuni. Makala mengi yapikiayo katika mji wa Goma yamechomwa kwa siri katika msitu wa Virunga, ambao ni hifadhi tangu mwaka 1925. Na moshi wa jiko humdhuru mama na mtoto aliye mgongoni. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3 na zaidi katika dunia nzima. Basi kila saa ambayo sufuria imekaa kikapuni, msitu hupumzika, na kifua cha mama pia.

KITUNGUU BILA KUKAANGWA

Wengi husema: "Bila mafuta mchuzi hauna ladha." Twawajibu: kosa ni la mkono, si la sufuria. Kata vitunguu viwili vyembamba. Viweke katika sufuria kavu yenye moto mdogo, pamoja na chumvi kidogo. Vikianza kushika chini, tia kijiko kimoja cha maji ya maharagwe na kukwangua kwa mwiko. Fanya hivyo mara nne au tano, mpaka vitunguu viwe na rangi ya kahawia na harufu tamu. Ndipo utie nyanya zilizokatwa, karoti, na kitunguu cha majani. Nyanya zikiisha kuvunjika, mimina maharagwe yaliyoiva. Chota upawa mmoja wa maharagwe, uyaponde kinuni au kwa mwiko, na kuyarudisha. Mchuzi utakuwa mzito kana kwamba una mafuta.

Viazi na kabichi havihitaji maji mengi. Panga viazi chini, karoti katikati, kabichi juu. Tia kikombe kimoja cha maji na chumvi, funika kwa jani la mgomba, kisha kwa mfuniko. Vyote vitaiva kwa mvuke wao wenyewe. Kiazi chenye ngozi ya kijani kina sumu, kisitumike. Lengalenga ioshwe kwanza, ndipo ikatwe, nayo ipikwe kwa muda mfupi tu. Lakini sombe ni jambo jingine: sharti itwangwe sana na kuchemshwa kwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi, ili sumu ya muhogo itoke pamoja na mvuke.

MTOTO NA MAFUTA

Sasa twafika kwenye hatari tuliyoitaja mwanzoni. Chakula hiki kisicho na mafuta chamfaa mtu mzima mwenye afya, maana tumbo lake ni kubwa, naye aweza kujaza sahani mbili. Mtoto mdogo hawezi. Tumbo lake ni dogo, tena lajaa maji upesi. Gramu moja ya unga humpa kalori 4, lakini gramu moja ya mafuta humpa kalori 9. Hata maziwa ya mama yana habari hiyo ndani yake: nusu hivi ya nguvu zake zatoka katika mafuta. Mtoto anayeanza kula, afikapo miezi 6, akipewa uji wa maji na mchuzi mtupu, atashiba na huku anakonda.

Tena rangi ya karoti na ya mboga za majani hugeuka vitamini A mwilini, nayo hulinda macho ya mtoto. Lakini haiingii vizuri mwilini pasipo mafuta kidogo. Mawese mekundu yana rangi hiyo hiyo tele, nayo hupotea yakichomwa motoni mpaka yawe meupe.

Basi hapa ndipo penye shabaha ya maneno yetu yote. Ikiwa chupa imebakiwa na vijiko vichache, visimwagwe katika sufuria ya watu wanane, ambamo hakuna atakayeviona. Sufuria ipikwe bila mafuta, kwa ufundi tuliousema. Kisha kijiko kimoja kidogo cha mawese kiwekwe katika sahani ya mtoto, juu ya maharagwe yaliyopondwa. Yakikosekana mawese kabisa, tafuta parachichi, au twanga karanga nzuri mpaka ziwe laini kabisa na kuzichanganya katika uji wake. Karanga zenye ukungu zitupwe, maana zina sumu. Na mtoto aliyevimba miguu, au aliyekonda sana, asitibiwe kwa chakula cha nyumbani tu. Apelekwe zahanati siku ile ile.

Nanyi akina baba, jambo hili lawahusu. Mama akikupakulia maharagwe yasiyong'aa, usikunje uso wala kuuliza fedha imekwenda wapi. Tazama kwanza sahani ya mtoto wako. Ukiona imeng'aa kwa mawese mekundu, mshukuru mama huyo. Na mgeni abishapo hodi, mfuniko na ufunuliwe bila haya.